Manjano, Magadi na Ndimu

Unga wa manjano una rangi iitwayo kurkumini, ambayo majini huyeyuka kwa shida lakini kwenye mafuta na spiriti huyeyuka upesi. Ndiyo sababu jaribio hili huanza na spiriti: kijiko cha manjano hukorogwa katika robo kikombe cha spiriti, mbali na jiko linalowaka, kisha unga huachwa utuame. Vipande vya karatasi nyeupe huchovywa humo na kuanikwa kivulini hadi vikauke.

Magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, huyeyushwa katika maji kidogo. Mtoto huchovya kijiti chenye pamba na kuandika jina lake juu ya karatasi ya njano. Herufi hutokea papo hapo, nyekundu kama udongo wa kichuguu. Maji ya majivu na ya sabuni ya mche huandika vilevile. Ya chumvi na ya sukari hayaandiki kitu.

Kinachotokea hapo ni cha ajabu. Molekuli ya kurkumini ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa kwa mnyororo wa kaboni saba, na elektroni zake zimetanda kote, ncha hadi ncha, mithili ya uzi wa udi. Mpigaji akiubana uzi kwa kidole, sehemu inayotetema hufupika na sauti hupanda. Akiinua kidole, uzi hurefuka na sauti hushuka. Hidrojeni iliyo pembeni mwa pete ndiyo kidole. Ikiwepo, elektroni zimebanwa na sauti yao iko juu: molekuli humeza mwanga wa zambarau na buluu, wenye nishati kubwa, na jicho hupata unaobaki, yaani njano. Magadi huinyakua hidrojeni hiyo. Elektroni hupata nafasi, sauti hushuka, mwanga unaomezwa husogea upande wa kijani, na jicho huachiwa wekundu. Molekuli nzima ina atomu 47. Iliyobanduka ni moja. Vogel na Pelletier waliitenga rangi hii mwaka 1815, lakini muundo wake ulijulikana mwaka 1910 tu.

Tone la ndimu juu ya herufi hutoa vipovu vya kabonidioksidi, hidrojeni hurudi mahali pake, na njano nayo hurudi. Magadi yakipakwa tena, wekundu. Mchezo hurudiwa mara kadhaa, ila usicheleweshwe, kwa kuwa kurkumini iliyolowa magadi huvunjika polepole na karatasi hufifia.

Kanzu yenye doa la mchuzi wenye manjano hupitia hayohayo kwenye beseni: sabuni huligeuza doa jekundu, na mfuaji hudhani ameharibu nguo. Maji ya kusuuzia hulirudisha njano. Kazi iliyobaki ni ya jua, kwani mwanga wake huikata molekuli vipande visivyo na rangi. Nguo nyeupe huanikwa doa likielekea juu.