Betri Ikiuza Umeme, Nani Atalipa Uchakavu?

Wananchi wa Unguja hawajakisahau kiza cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme utokao Bara ulipokatika kwa miezi mitatu. Ndiyo maana linavutia wazo kwamba magari ya umeme, yatakapoenea, yawe akiba ya Visiwa: yachajiwe usiku wa manane, na jioni yarudishe umeme kwenye gridi wakati mahitaji yamepanda.

Sisi hatulipingi wazo hilo. Lakini betri huzeeka, na uzee wake una gharama.

Betri ya lithiamu huchakaa kila ijazwapo na kutumiwa. Huchakaa pia ikiwa imekaa tu, hasa ikiwa imejaa pomoni penye joto. Gari lililochajiwa hadi asilimia 100 na kuachwa juani Darajani tangu asubuhi hudhurika ijapokuwa halikwenda popote. (Na wako wanaoona fahari kulijaza kila siku!)

Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, watu wa visiwani kama sisi, walionya kwamba betri inayolazimishwa kila siku kutoa umeme kwenye gridi kwa nguvu zake zote yaweza kushindwa kazi ya gari kabla ya miaka mitano. Mwaka huo huo wenzao wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walionyesha kwamba kompyuta ikichagua saa ya kuchaji na kiasi cha kutoa, betri yaweza hata kudumu zaidi. Mwaka 2018 pande hizo mbili ziliandika pamoja, zikaeleza kwamba tofauti yao ilitokana na namna betri ilivyotumiwa.

Kwa hiyo mwenye kuamua saa na kiasi ndiye mwenye kuamua umri wa betri, nayo ndiyo kifaa cha gharama kubwa kuliko vyote garini. Twaziomba mamlaka zinazohusika, kabla ya kufungwa mita ya kwanza ya namna hiyo, ziweke katika mkataba kiwango ambacho betri haitashushwa chini yake, malipo ya uchakavu mbali na bei ya umeme wenyewe, na haki ya mwenye gari kukataa. Daktari wa Makunduchi aitwaye usiku kwa mgonjwa hawezi kuambiwa kwamba chaji ya gari lake imekwisha kwa kuwasha taa za hoteli.