UNAUZA SPEA ZA MASHINE ZA UNGA MTANDAONI? IJUE VALI YA KUZUNGUKA

Huku Rwamgasa tunajulikana kwa dhahabu na makarasha, ila mchimbaji anakula ugali, na mimi nauza spea za mashine za kusaga.

Kwenye mashine kubwa, feni inapeleka unga kwenye saikloni, lile pipa la bati lenye umbo la koni. Chini yake ndipo inakaa vali: rota yenye mapanga ndani ya kasha la chuma. Nafasi kati ya mapanga zinapokea unga juu na kuumwaga chini, huku mapanga yakizuia hewa isipite. Viwanda vya saruji pia wanaitumia.

Mapanga yakilika, hewa inapenya na unga unapotea vumbini. Usiuze kwa picha tu, muulize mteja:

1. Mdomo una upana gani?
2. Shafti ina unene gani?
3. Mapanga mangapi?

Kama ana mashine ndogo ya kufunga kiroba chini ya saikloni, haihitaji. Mwambie ukweli, atarudi.

Mwisho, mwandikie hata asipouliza: zima swichi kubwa kabla ya kuingiza mkono. Rota inazunguka polepole, lakini inakata vidole.