Pikapu Ikikosa Nguvu, Tusikimbilie Kununua Tabo

Vijijini kwetu Kibaha na Kisarawe pikapu ya dizeli ina kazi nyingi. Mchana hubeba mihogo na korosho. Usiku huweza kubeba mgonjwa kwenda Hospitali ya Tumbi. Ikiharibika, wengi huumia. Leo tuzungumze juu ya tabo.

Tabo ni nini?

Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye ekseli moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza. Feni ya pili huvuta hewa na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikitosha, dizeli huungua vizuri na gari hupata nguvu. Ekseli hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo hulainishwa na oili ya injini. Kwa hiyo maadui wakubwa wa tabo ni vumbi na oili chafu.

Moshi mweusi

Tuseme pikapu imepakia mihogo Maneromango. Ikifika mlimani inashindwa kupanda, inatoa moshi mweusi. Watu watasema, "Tabo imekufa hiyo!" Tungoje kwanza. Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Tuzime injini, ipoe, kisha tukague hivi:

1. Chujio la hewa. Likijaa vumbi, injini haipumui. Tulibadilishe.

2. Mipira ya hewa inayotoka kwenye tabo. Tutazame kama imepasuka au klipu zimelegea. Mpira mmoja uliotoboka unatosha kuiba nguvu ya gari.

3. Ekseli ya tabo. Fundi aitikise kwa vidole. Ikicheza kidogo sana kwa pembeni si kitu. Ikienda mbele na nyuma, au feni ikigusa ukuta wake, hapo tabo imekwisha.

Moshi wa bluu

Moshi wa bluu maana yake injini inachoma oili. Huenda bomba linalorudisha oili kutoka kwenye tabo limeziba. Huenda tabo yenyewe inavuja, au ringi za injini zimelika. Tusiendelee na safari oili ikipungua. Injini inaweza kuanza kula oili yake na kupiga resi yenyewe, hata ukizima swichi. Likitokea hilo kwenye gari la gia za mkono, dereva akanyage breki kwa nguvu, atie gia kubwa, aachie klachi, ili injini izimike.

Kabla ya kufunga tabo mpya

Tujue kwanza ya zamani ilikufa kwa nini. Tusafishe mabomba, tubadilishe oili na chujio lake. Tusipofanya hivyo, mpya nayo itakufa vilevile, na fedha za kikundi zitakuwa zimepotea.

Kuzuia ni rahisi. Tukitoka safari ndefu yenye mzigo, tuiache injini ingurume taratibu dakika 2 au 3 kabla ya kuizima. Tubadilishe oili kwa wakati, tena ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumekwisha jifunza kusoma na kuandika. Basi pikapu nayo iwe na daftari lake: tarehe, kilomita, oili na chujio. Fundi akija, tumsomee.