Unataka kuvumbua kifaa cha tiba? Chagua kwanza aina ya kikao

JE, msomaji, umewahi kuitwa kwenye mkutano wa "kutoa mawazo" kazini, ukakaa humo asubuhi nzima, ukanywa chai na mandazi, na mwishowe mkaagana bila yeyote kukumbuka ni wazo gani lililopitishwa? Ikiwa mlikuwa mkijadili rangi ya kuta za ofisi, hasara ni ya chai tu. Lakini wauguzi, mafundi wa jua kali, wanafunzi wa vyuo vya ufundi na vikundi vya akina mama mitaani nao hukutana kutafuta vifaa vipya vya afya: cha kumpa joto mtoto njiti, cha kunawia mikono pasipo mfereji, cha kuzuia damu kwa mama aliyetoka kujifungua. Hapo kikao kisichofaa kina gharama yake, na anayeilipa yuko wodini.

Tatizo letu ni kwamba tunajua aina moja tu ya kikao. Tukipanga harambee, tukipanga mazishi, tukitaka kuunda mguu wa bandia, ni viti vile vile, mwenyekiti yule yule na ajenda inayoishia na "mengineyo".

Ukimwuliza mtu kikao cha uvumbuzi ni kipi, atakutajia kile cha kubungua bongo, ambapo watu hukaa pamoja na kila mmoja akarusha wazo linalomjia, bila kuchekwa wala kukosolewa. Aliyekieneza ni Alex Osborn, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya matangazo ya biashara mjini New York, kupitia kitabu alichokitoa mwaka 1953. Kanuni zake ni nzuri: toa mawazo mengi, usikosoe mapema, jenga juu ya wazo la mwenzako.

Hata hivyo, mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliyaweka madai hayo kwenye mizani. Walilinganisha makundi ya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne wanne waliofanya kazi kila mtu peke yake, kisha majibu yao yakajumlishwa. Wale wa peke yao walipata mawazo tofauti karibu mara mbili ya wenzao. Mwaka 1987 watafiti wawili, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe, walionyesha sababu kubwa: katika kundi, ni mtu mmoja tu anayeweza kusema kwa wakati mmoja. Wengine wanasubiri zamu, na wakati wa kusubiri wazo linapotea, au mtu anaamua kwamba lake halina maana tena.

Kwetu ongeza jambo jingine, heshima. Niliwahi kuketi katika kikao cha hospitali moja, ambayo sitaitaja, kuhusu ndoo za kunawia mikono zilizokuwa zikivunjika kila mara. Daktari mkuu alizungumza wa kwanza, akapendekeza ndoo nzito zaidi, na kila aliyefuata akaanza kwa maneno "kama alivyosema daktari". Baadaye, tukiwa tumesimama koridoni, mama mmoja wa usafi alinieleza kwamba si ndoo inayovunjika bali bomba lake, kwa sababu kibao cha kuiwekea ni kifupi na bomba hugonga ukuta. Mama huyo alikuwa ndani ya kikao tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyemwuliza, naye hakuona kwamba ni mahali pake kumpinga daktari.

Kwa kundi la namna hiyo, mbinu inayofaa ni kuandika kwanza na kusema baadaye. Mjerumani Bernd Rohrbach alibuni mwaka 1968 njia ambayo unaweza kuijaribu hata kanisani au kwenye chama chenu cha akiba. Watu 6 wanakaa mezani, kila mmoja ana karatasi, anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, kisha anampa jirani yake karatasi hiyo. Jirani anasoma na kuongeza yake 3. Karatasi zikizunguka zote, mmetumia nusu saa na mna mawazo 108 mezani. Mengi yatakuwa takataka, hilo si neno. La muhimu ni kwamba la mfagiaji na la daktari yameandikwa kwa kalamu ya aina moja. Kama kuna asiyejua kuandika, achore, au amnong'onezee mwandishi mmoja mliyemteua.

Lakini karatasi ina mwisho wake. Ukifika wakati wa kuunda kitu chenyewe, ondokeni mezani mwende karakana.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mji wa Jaipur, India. Katika miaka ya sitini, watu waliokatwa miguu walikuwa wakipewa miguu ya bandia ya mtindo wa Ulaya, na wengi wao walikuwa wakiiacha nyumbani. Mguu ule ulihitaji kiatu, ilhali mkulima wa kule anatembea peku shambani. Haukumwezesha kuchutama wala kuketi chini kwa kukunja miguu, na huyo ni mtu anayekula, kusali na kwenda haja akiwa chini. Daktari wa mifupa P. K. Sethi alilijua tatizo hilo vizuri. Aliyejua vifaa ni Ram Chander Sharma, fundi mwenye masomo machache ya darasani, aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa kazi za mikono hospitalini humo. Walihangaika na mpira wa aina ya magurudumu. Wa kwanza ulikuwa mzito na mgumu, wakaubadilisha, wakachanganya mpira wa sponji na kipande cha mbao ndani, na kufikia mwaka 1968 mguu wa Jaipur ukawa umepatikana. Ulivaliwa bila kiatu, ukaingia matopeni, ukakunjika.

Angalia ni nani waliokuwamo katika kazi hiyo: mwenye ujuzi wa mwili, mwenye ujuzi wa vifaa, na mwenye kisiki kinachouma. Akikosekana mmoja wa hao watatu, ahirisheni. Nasema hivyo bila kusitasita, kwani yule wa tatu ndiye anayesahauliwa sana, eti atahudhuria "wakati wa majaribio".

Hapa kwetu, jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo huenda uko nalo nyumbani, lilipita njia kama hiyo mwanzoni mwa miaka ya themanini. Wazo lilichukuliwa Thailand, lakini umbo lake jembamba kiunoni lilipatikana baada ya mafundi wa bati, kama wale wa Shauri Moyo, kulifua na kulirekebisha, na akina mama kulipikia ugali. Jiko linaloyumba wakati wa kusonga ni hatari ya kuungua, na hilo hulioni kwenye mchoro.

Je, kuna wakati ambapo kikao hakifai kabisa? Upo, na ni mara nyingi kuliko wanavyokubali wapenda mikutano. Cheche ya kwanza huja kwa mtu mmoja. Jorge Odón, fundi wa magari nchini Argentina, aliona mbinu ya kutoa kizibo kilichozama ndani ya chupa kwa kutumia mfuko wa plastiki uliojazwa hewa. Usiku huo akaamka na wazo la kumsaidia mtoto aliyekwama wakati wa kuzaliwa. Alijaribu jikoni kwake kwa chupa ya kioo, mwanasesere wa bintiye na mfuko ulioshonwa na mkewe. Kamati ingemcheka. Lakini baada ya hapo alihitaji wengine. Mwaka 2008 alikutana na mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani mjini Buenos Aires kwa mazungumzo yaliyopangiwa dakika chache tu, yakaendelea kwa saa mbili. Kifaa chake kiliendelea kufanyiwa utafiti kwa miaka mingi, hata mjini Bristol, Uingereza.

Vivyo hivyo Profesa Sayeba Akhter wa Dhaka, Bangladesh, mwaka 2000. Mama walikuwa wakitokwa damu baada ya kujifungua, na puto za kigeni zilikuwa ghali mno. Alifunga kondomu kwenye mpira wa kutolea mkojo, akaiingiza katika tumbo la uzazi na kuijaza maji ya chumvi ya dripu. Katika taarifa aliyoitoa na wenzake mwaka 2003, damu iliacha kutoka kwa wanawake wote 23 katika muda wa dakika 15. Vifaa vyote hivyo vilikuwa tayari wodini.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua za mwaliko, jiulize mko hatua gani. Kama hamjajua hata shida ni nini hasa, msikutane bado: nendeni mkasimame wodini au jikoni siku nzima, kimya, mkitazama. Mkiijua shida na mnatafuta njia, andikeni. Mkiwa na njia mbili tatu, karakana. Mkigombana ni ipi bora, pigeni kura ya siri, wala msimwachie mwenye cheo.

Na kikao cha mwisho kabisa, cha kukijaribu kifaa kwa mgonjwa, si chenu kukiitisha. Hapo kuna kamati ya maadili ya utafiti, kuna Bodi ya Dawa na Sumu, na kuna mgonjwa mwenyewe, ambaye ana haki ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa na kukataa bila kunyimwa matibabu. Wekeni pia daftari lenye tarehe na jina la kila aliyeleta wazo, likiwemo la mama wa usafi. Mkienda kwa taasisi ya KIPI kuomba hataza, mtaulizwa mvumbuzi ni nani.