Taa ya Nyumbani: Mahali Pake Kwanza, Ukubwa Baadaye

Katika nyumba za mabati zisizo na dari, kama zilizoko Salaita kando ya barabara ya Voi–Taveta, mara nyingi taa ni moja tu, imening'inia kwenye boriti katikati ya sebule. Mtoto akiinama mezani kufanya kazi ya ziada, kichwa chake hutia kivuli kwenye daftari. Mzazi naye hukimbilia kununua balbu kubwa zaidi, ilhali kasoro ni mahali taa ilipo.

Mwanga hupungua haraka kadiri unavyosafiri. Balbu iliyo mita 2 juu ya meza ikishushwa hadi mita 1, meza hupata karibu mara nne ya mwanga wa awali, kwa umeme uleule. Anayeandika kwa mkono wa kulia aangaziwe kutoka kushoto.

Kuta nazo zihesabiwe. Ukuta mweusi kwa masizi ya koroboi hunyonya mwanga. Uliopakwa chokaa huurudisha chumbani, na chokaa ni bei nafuu.

Dukani, wati huonyesha umeme unaotumika. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni 800 hivi, sawa na ile ya zamani ya wati 60. Zikiwashwa saa 5 kila jioni kwa siku 30, ya LED hutumia yuniti 1.35, ya zamani yuniti 9. Mnunuzi wa tokeni ataona tofauti.

Kazi ya kushusha waya aachiwe fundi mwenye leseni ya EPRA.