Arch Linux: umeme ukikatika katikati ya kazi, ordinatere inaokolewa namna gani?

Kwa wakaaji wa mashariki, umeme kukatika ghafula si habari mpya. Lakini kwa mwenye kutumia Arch Linux, ukikatika wakati programu zinasasishwa, ordinatere inaweza kukataa kuwaka kesho yake. Dawa ipo, na haiombi kufuta kila kitu.

Arch Linux ni nini?

Ni mfumo wa ordinatere wa bure, ulioanzishwa na Judd Vinet wa Kanada, mwezi wa tatu mwaka 2002. Haufiki na kila kitu tayari: mwenyewe ndiye anachagua kipande kwa kipande, sawa mtu anayejijengea nyumba. Hauna toleo la kila mwaka. Programu mpya zinaingia kila mara. Tangu 2017 unakubali ordinatere za biti 64 tu, basi mashine za zamani sana haziwezi.

Amri moja, si nusu

Programu inayoleta na kuondoa zingine inaitwa pacman. Amri yake kubwa ni sudo pacman -Syu, inayosasisha kila kitu pamoja. Wengi, kwa kuhurumia mega, wanaandika pacman -Sy na jina la programu moja. Hapo ndipo matatizo yanaanzia: programu mpya inaomba vipande vipya, vilivyo ndani ni vya zamani, na kitu kinavunjika.

Kuna njia ya kupanga vizuri. Mega zikiwepo, sudo pacman -Syuw inapakua tu, bila kuweka. Batri ikijaa, sudo pacman -Su inamaliza kazi. Katikati ya hizo mbili, usiweke programu nyingine.

Faili zilizopakuliwa zinabaki ndani ya /var/cache/pacman/pkg. Jirani mwenye Arch anaweza kuzichukua kwa kle ya USB na kuziweka mahali pale pale kwake: zenye toleo analolihitaji hazipakuliwi tena. Zikijaza diski, paccache -r, inayotoka katika pacman-contrib, inabakiza matoleo matatu ya mwisho. Usifute yote, juu toleo la zamani linasaidia kurudi nyuma kwa pacman -U.

Umeme umekatika, sasa?

Kama ordinatere inawaka lakini pacman inasema imefungwa, hakikisha kwanza hakuna pacman nyingine inayotembea. Kisha ondoa faili /var/lib/pacman/db.lck na uanze tena -Syu.

Kama haiwaki kabisa, washa kwa kle ya USB iliyotumiwa kuweka Arch. Unganisha diski kwenye /mnt, pamoja na sehemu ya boot, andika arch-chroot /mnt, halafu pacman -Syu. Ikisema hakuna la kufanya, pacman -S linux inarudisha kiini cha mfumo. Picha na maandiko yako hayaguswi.

Mwenye kukaa miezi bila kusasisha anaweza kuona makosa ya saini. Aanze na pacman -Sy archlinux-keyring, na papo hapo aendelee na -Su.

Kabla ya yote, soma matangazo kwenye archlinux.org: pakiwa na hatari, inasemwa pale. Na ile kle ya USB isiazimwe ovyo. Siku ya giza, ndiyo mlango wa kurudi nyumbani.