Mgeni na Jembe Lake: Masomo na Kazi ya Mwanafunzi wa Theolojia Nchini Ufini

Utangulizi

Katika vyuo vyetu habari ya "nafasi ya Ulaya" hupokelewa kwa shangwe. Mwanafunzi akiteuliwa kwenda kusoma muhula mmoja au miwili katika nchi mojawapo ya Kaskazini ya Ulaya, yaani Ufini, Uswidi, Norwei, Denmark au Iceland, usharika wake humfanyia changizo, jamaa humsindikiza, na wengi huanza kuhesabu kile atakachorudi nacho. Ni wachache wanaoketi pamoja naye kuhesabu kile atakachotakiwa kutenda huko. Bwana wetu alifundisha kwamba atakaye kujenga mnara sharti kwanza aketi na kupiga hesabu ya gharama (Luka 14:28). Katika makala hii twakusudia kupiga hesabu hiyo, tukiichukua Ufini kuwa mfano. Sheria ya nchi hiyo humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi kwa saa nyingi, na kwa sababu hiyo huko ni rahisi mtu kusahau alichotumwa.

Safari hizi katika historia yetu

Kwenda na kuja kati yetu na Walutheri wa Kaskazini si jambo jipya. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa Juni 1963 kwa kuunganika makanisa saba, na majuma machache baadaye Fungamano la Kilutheri la Ulimwengu lilifanya mkutano wake mkuu mjini Helsinki. Bengt Sundkler, profesa wa Uppsala nchini Uswidi, alikuwa askofu wa kwanza wa Kilutheri huko Bukoba tangu mwaka 1961. Mwaka 1964 alimwachia nafasi hiyo Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, katika mkutano mkuu uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano hilo. Basi profesa wa Kaskazini alikuja kutumika kwetu, naye Mwafrika akawaongoza Walutheri wa dunia nzima. Historia hii yatukumbusha kwamba anayekwenda kusoma huko haendi kama mwombaji. Anakwenda kama mshiriki, mwenye kupokea na mwenye kutoa.

Maana ya kubadilishana wanafunzi

Yatupasa kwanza kutofautisha aina mbili za wanafunzi wageni. Wa kwanza ni yule anayekwenda kusomea shahada nzima. Huyu, akiwa ametoka nje ya Umoja wa Ulaya, kwa kawaida hudaiwa ada ya masomo: Denmark ilianza kutoza ada hiyo mwaka 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017, na Norwei 2023. Wa pili ndiye tunayemzungumzia hapa, yaani mwanafunzi wa kubadilishana. Yeye hubaki kuwa mwanafunzi wa chuo chake cha nyumbani, huenda kwa muda mfupi kwa mapatano ya vyuo viwili, wala halipi ada kwa chuo kinachompokea. Shahada yake itatolewa nyumbani.

Kutokana na hayo, karatasi iliyo muhimu kuliko zote ni mkataba wa masomo. Huutaja kila somo atakalosoma ugenini na somo la nyumbani litakalofidiwa nalo, nao hutiwa sahihi na mwanafunzi, chuo kinachomtuma na chuo kinachompokea. Mkataba huu ukiachwa bila kukamilishwa kabla ya safari, mwanafunzi aweza kurudi na alama nzuri zisizotambuliwa na mtu yeyote, kisha akalazimika kurudia muhula mzima.

Hesabu ya saa

Nchini Ufini, kama katika sehemu kubwa ya Ulaya, mwaka wa masomo hupimwa kwa krediti 60, na mwaka huo hukadiriwa kuwa saa 1,600 za kazi ya mwanafunzi. Muhula mmoja basi ni krediti 30, yaani saa 800. Muhula wa vuli huanza Septemba na kwisha kabla ya Krismasi, takriban majuma 16. Saa 800 tukizigawa kwa majuma 16 twapata saa 50 kwa juma. Nyingi kati ya hizo hazimo katika ratiba ya darasa. Ni saa za kusoma peke yake. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mwanafunzi aonapo kwamba ana vipindi vinne au vitano tu kwa juma, hudhani kwamba muda uliosalia hauna mwenyewe.

Sheria ya Ufini, tangu Aprili 2022, humruhusu mwanafunzi mwenye kibali cha kuishi kwa ajili ya masomo kufanya kazi ya mshahara kwa wastani wa saa 30 kwa juma. Kabla ya hapo zilikuwa 25. Norwei, kwa kulinganisha, huruhusu saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Sasa tujumlishe. Saa 50 za masomo na saa 30 za kazi ni saa 80. Juma lina saa 168. Tukiondoa saa 56 za usingizi zasalia 112, na tukiondoa 80 zasalia 32. Katika hizo 32, zisizofika tano kwa siku, mwanafunzi atapika, atafua, atasafiri kwenda kazini na kurudi, atasali, atakwenda ibadani na kujifunza lugha. Wenye nguvu wamelijaribu jambo hili. Kinachopungua kwanza huwa ni usomaji, kwa sababu vitabu havimwiti mtu kazini wala havikati mshahara. Lakini akifanya kazi saa 10 tu kwa juma, husaliwa na saa 52, zaidi ya saba kwa siku, naye aweza kuishi kama binadamu na kusoma kama mwanafunzi. Sheria husema kilichoruhusiwa, haisemi kinachofaa.

Hesabu ya fedha

Tangu Novemba 2024 mwombaji wa kibali cha masomo nchini Ufini hutakiwa kuonyesha kwamba ana euro 800 za kujikimu kwa kila mwezi. Kabla ya hapo zilikuwa 560. Kwa miezi minne hizo ni euro 3,200, nazo zaweza kutoka katika ufadhili au katika akiba yake. Hutakiwa pia kuwa na bima ya afya. Matumaini ya kupata kazi baada ya kufika hayahesabiwi kuwa fedha. Jamaa walio nyumbani wasikiapo euro 800 kwa mwezi huona utajiri, na maombi ya karo na matibabu huanza kufika kabla mgeni hajazoea baridi. Lakini kiasi hicho ni cha kodi ya chumba, chakula na nauli katika nchi ya gharama kubwa. Mwanafunzi anayeshindwa kuwaeleza wazazi wake jambo hili mapema ndiye anayejikuta akiongeza saa za kazi ili kutimiza ahadi ambayo hakuitoa yeye.

Heshima ya kazi

Hatusemi kwamba mwanafunzi asifanye kazi. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtume Paulo alishona mahema huko Korintho (Matendo 18:3), na Luther alifundisha kwamba wito wa Mungu humfikia mtu katika kazi yake ya kila siku, si katika utumishi wa madhabahu peke yake. Kazi zinazopatikana kwa asiyejua Kifini wala Kiswidi, lugha mbili za taifa hilo, mara nyingi ni usafi wa majengo, kazi za jikoni au kugawa magazeti usiku. Kwa mtarajiwa wa uchungaji aliyezoea kubebewa mkoba, ufagio waweza kuwa mwalimu mwema. Kazi za namna hiyo pia humkutanisha na watu asioweza kuwaona chuoni, miongoni mwao wakimbizi kutoka Kongo wasemao Kiswahili, waliopokelewa nchini humo na wanaohitaji mchungaji anayewaelewa.

Hata hivyo mgeni sharti ajue haki zake. Ufini haina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa kwa sheria moja ya nchi. Mishahara hupangwa kwa mapatano ya vyama vya wafanyakazi na vya waajiri katika kila sekta. Mfanyakazi huchukua kadi ya kodi kutoka ofisi ya kodi na kumpa mwajiri, hudai masharti ya kazi kwa maandishi, na hutunza hati za malipo. Anayemtaka mgeni alipe fedha ili apewe kazi, au amlipe pasipo hati, anavunja sheria, na mgeni ana haki ya kulalamika kwa mamlaka ya usalama kazini. Kadhalika mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu ya shahada hayamo katika kikomo cha saa 30. Chuo kikipanga mapema mafunzo ya diakonia katika usharika wa huko, jembe na kitabu vitakuwa kitu kimoja.

Darasa lenyewe

Kilicho kigeni zaidi ni namna ya kusoma. Katika Kitivo cha Theolojia cha Helsinki, au huko Joensuu ambako theolojia ya Kilutheri na ya Kiorthodoksi hufundishwa katika chuo kimoja, mwalimu huitwa kwa jina lake la kwanza. Kuuliza swali la kumpinga hakuhesabiwi kuwa utovu wa adabu, na ukimya wa darasa si dalili ya hasira. Kuna pia mtihani wa vitabu: mwanafunzi hupewa majina ya vitabu, huvisoma peke yake pasipo mihadhara, kisha huandika mtihani.

Nje ya darasa lipo Kanisa la Kilutheri lenye kodi ya kanisa, lenye diakonia katika kila usharika, na lenye vijana wengi waendao kambini wakati wa kiangazi kwa mafundisho ya Kipaimara. Lakini idadi ya washarika wake imekuwa ikipungua mwaka hata mwaka. Je, kanisa lenye fedha na watumishi hupungukiwa nini watu wanapoliacha? Na kwetu, ambako makanisa hujaa, ni nini kitakachotulinda? Maswali hayo yahitaji mtu aliyekaa, akasikiliza, akasoma. Aliyeshinda kazini kila jioni atarudi bila jibu.

Hitimisho

Twashauri basi mambo matatu. Chuo kisimruhusu mwanafunzi kusafiri kabla mkataba wa masomo haujatiwa sahihi. Mchungaji wa usharika wake aketi na wazazi na kuwaeleza wazi hesabu ya saa na ya fedha, kwa maana neno hilo ni zito mno kwa kijana kulisema peke yake. Na wanaomtuma wampe swali moja la Kanisa letu alichunguze huko, kisha alijibu mbele yao atakaporudi. Muhula ni miezi minne tu. Jembe lipo na litakuwapo hata nyumbani. Vitabu vile na watu wale huenda asiwaone tena.